Siku niliyomgombeza rubani

Mzazi mwenzangu, leo naanza na aibu yangu mwenyewe.

Ilikuwa Aprili, masika yamekolea. Nilikuwa uwanja wa ndege wa Dar es Salaam na wanangu wawili, binti wa miaka minane na mdogo wake wa miaka minne. Tulikuwa tunakwenda Mafia. Binti wa kaka yangu alikuwa anaolewa siku hiyohiyo, ndoa ifungwe baada ya Alasiri, na mimi ndiye shangazi. Nani asiyejua kazi ya shangazi siku ya harusi? Nusu ya vitu vya bibi harusi vilikuwa kwenye begi langu.

Ndege yetu ilikuwa ndogo, ya injini moja, na abiria hatukufika kumi na wawili. Tuliambiwa tungeondoka saa nne asubuhi. Saa nne ikapita. Rubani, kijana ambaye ningeweza kumzaa, alitoka nje, akatazama upande wa bahari, akapiga simu, akarudi.

"Jamani, tunasubiri kidogo. Kilindoni hakuonekani."

Pale tulipokuwa jua lilikuwa linawaka. Ndiyo maana hatukumwelewa. Saa tano ikaja, saa sita ikaja. Mzee mmoja alikuwa anawahi mazishi, akaanza kulalamika kwamba amelipa nauli yake kamili. Wengine wakaitikia. Kaka yangu alikuwa anapiga simu kila baada ya dakika kumi, "Dada, mko wapi?" Mwishowe nikasimama, nikamwambia yule kijana mbele ya watu wote: "Mwanangu, kama unaogopa mvua, urubani ulisomea wa nini?"

Watu walicheka. Yeye hakucheka wala hakukasirika. "Mama, naomba unisamehe," alisema. "Siwezi kwenda mahali nisipopaona."

Tuliondoka saa kumi jioni. Nilipofika nyumbani kwa kaka yangu ndoa ilikuwa imekwisha kufungwa na wali umepakuliwa.

Usiku, wakati nawalaza watoto, binti yangu akaniuliza: "Mama, kwa nini ulimgombeza yule kaka? Si alisema haoni?"

Sikuwa na jibu. Niliporudi Dar nikaanza kusoma kuhusu ajali za ndege ndogo na hali ya hewa. Nilitaka kujua kama yule kijana alikuwa na haki. Nilipomaliza sikuwa na hamu tena ya kuuliza nani alikuwa na haki.

Kisa kimoja hakijanitoka kichwani, na kimemhusu mtoto wa umri wa binti yangu.

Aprili 1996, huko Marekani, mtoto wa kike aitwaye Jessica Dubroff alipangiwa kuivuka nchi nzima kwa ndege ndogo, kutoka pwani ya magharibi hadi pwani ya mashariki na kurudi, kwa siku nane. Alikuwa na miaka saba. Alikuwa amefundishwa kurusha ndege na mwalimu wa urubani, na alikaa kwenye kiti cha rubani juu ya mto ili aone nje, pedali zikiwa zimeongezewa urefu ili miguu imfikie. Mwalimu alikaa kando yake akiwa na usukani wa pili. Kisheria rubani alikuwa mwalimu, kwa sababu Marekani mtu hapewi leseni ya kurusha ndege binafsi kabla ya kutimiza miaka 17. Baba yake alikaa nyuma.

Wazo la safari lilikuwa la baba. Aliandikia vyombo vya habari, navyo vikaja. Televisheni moja kubwa ilimpa kamera na kanda arekodi safari yote kutoka ndani. Mtoto alihojiwa kabla ya kuondoka, alihojiwa alipotua, na watu walikuwa wanamngojea kwenye vituo vya mbele. Kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness kilikuwa kimekwisha kufuta vipengele vya "rubani mdogo kuliko wote" miaka kadhaa nyuma, kwa kuhofia hatari ileile. Kwa hiyo hata rekodi yenyewe haikuwepo. Makofi tu ndiyo yaliyokuwepo.

Siku ya kwanza, tarehe 10, waliruka kutoka Half Moon Bay, California, wakavuka milima, wakalala Cheyenne katika jimbo la Wyoming. Kulipokucha, mawingu mazito yalikuwa yanaukaribia mji. Mwalimu alipiga simu kuuliza hali ya hewa, akaambiwa ni mbaya. Mwenyeji mmoja aliwashauri wabaki. Jibu la mwalimu lilikuwa kwamba wanataka kuitangulia dhoruba. Magazeti ya wakati ule yaliandika kuwa Jessica alizungumza na mama yake kwa simu kabla ya kuruka, akamsikilizisha sauti ya mvua.

Waliruka saa 2:24 asubuhi, mvua ikinyesha na upepo ukivuma kwa vishindo. Rubani wa ndege nyingine iliyotangulia alikuwa ameshatoa taarifa kwamba upepo huko juu unabadilika ghafla. Cheyenne iko juu sana, zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya mahali pa juu ni nyepesi, haiibebi ndege kama hewa ya pwani. Halafu ndege yenyewe ilikuwa imezidi uzito unaoruhusiwa kwa kilo zipatazo 44. Ikapanda kwa shida, ikaanza kukata kona, mwendo ukapungua mno. Mwendo ukipungua hivyo, mabawa hayana tena cha kubebea ndege. Ilianguka katika mtaa wa makazi, mbele ya nyumba ya watu. Hakuna aliyeumia chini. Waliokuwa ndani wote watatu walikufa.

Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani ilichunguza. Haikumlaumu mtoto. Ilisema mwalimu alifanya uamuzi mbaya wa kuruka wakati hali ya hewa inaharibika, na ndege imezidi uzito. Kisha ikataja jambo lililonifanya niweke simu chini kwa muda: kwamba lililochangia ni hamu ya kuifuata ratiba iliyobana kupita kiasi, kwa sehemu kwa sababu ya ahadi walizotoa kwa vyombo vya habari.

Kwa maneno mengine, walikuwa wanangojewa.

Mwaka huohuo Marekani ilitunga sheria ya kuzuia watoto wasio na leseni kushika usukani katika safari za kutafuta rekodi. Sheria ni nzuri. Lakini sheria ilimzuia mtoto, na mimi sioni kama mtoto ndiye aliyekuwa tatizo asubuhi ile.

Nisemeje kuhusu baba? Sitaki kumtupia mawe marehemu. Alimpenda mwanawe, hilo sina shaka nalo. Ila zamani, ili mtoto wako atazamwe na watu wengi, ilibidi uwaandikie wenye televisheni. Leo kila mzazi ana televisheni yake mfukoni, na nimeona watoto wakirudishwa majini au kupandishwa mahali pa hatari mara ya pili kwa sababu video ya kwanza haikutoka vizuri.

Sasa swali la binti yangu: "Si alisema haoni?" Kwani rubani asipoona kunatokea nini? Mimi nilidhani anapunguza mwendo, kama dereva wa basi kwenye ukungu wa Kitonga. Sivyo. Ndege haiwezi kuegesha pembeni.

Kuna namna mbili za kurusha ndege. Ya kwanza ni kwa macho: rubani anatazama nje, anaona ardhi na mstari ule ambapo anga inakutana na dunia, na kwa huo anajua kama ndege iko sawa au imeinama. Ya pili ni kwa vipimo vilivyo mbele yake, bila kutazama nje. Hii ya pili ina mafunzo yake na mtihani wake. Marubani wengi wa ndege ndogo za binafsi wana leseni ya kuruka kwa macho tu. Mtu wa namna hiyo akiingia kwenye wingu, ni kama amefunikwa gunia kichwani.

Mwilini mwetu kinachotuambia tuko wima au tumeinama, tukifumba macho, ni majimaji yaliyo ndani ya sikio. Majimaji haya yanadanganyika kirahisi. Jaribu nyumbani. Mkalishe mwanao kwenye kiti cha ofisini kinachozunguka, afumbe macho, umzungushe taratibu kwa mwendo uleule bila kubadilisha. Baada ya muda atakwambia kiti kimesimama. Kisimamishe kweli, ataapa kwamba kinazunguka kwenda upande wa pili. Sisi tulifanya hivyo sebuleni, na mdogo akadai zamu yake mara sita.

Huko angani mchezo ndio huohuo. Ndege ndani ya wingu inainama bawa moja polepole. Sikio la rubani halisikii kitu. Pua inashuka, kimo kinapungua, naye anaona kipimo kinamwambia anashuka, lakini mwili mzima unamwambia yuko sawasawa. Anavuta usukani ili apande. Kwa kuwa ndege imelala upande, kuvuta huko kunaibana kona zaidi, inashuka kwa mzunguko kama maji yanayoingia kwenye tundu la sinki, kasi ikiongezeka kila sekunde. Akijaribu kuinyoosha, sikio linampigia kelele kwamba sasa ndiyo anapinda.

Mwaka 1954 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois walichukua watu 20 wasiojua kuruka kwa vipimo, wakawapandisha na mwalimu, wakawazuia kuona nje. Wote 20 walipoteza udhibiti wa ndege. Kwa wastani ilichukua sekunde 178. Hazifiki dakika tatu. Mimi huchukua muda mrefu zaidi kumvalisha mdogo viatu.

Ndiyo maana ajali za aina hii zinaogopwa kuliko nyingine za ndege ndogo. Mtu akitua vibaya anaweza kuvunja gurudumu akashuka anatikisa kichwa. Lakini rubani wa macho aliyeingia mawinguni, mara nyingi hakuna anayeshuka.

Tena si lazima kuwe na dhoruba. Wengi mnamkumbuka John F. Kennedy mdogo, mtoto wa rais wa Marekani aliyeuawa mwaka 1963. Julai 16, 1999 alirusha ndege yake mwenyewe akiwa na mke wake na shemeji yake, wakielekea kisiwa cha Martha's Vineyard kumshusha shemeji, kisha wao waendelee kwenye harusi. Ndiyo, harusi. Binamu yake alikuwa anaolewa kesho yake. Hakuwa na leseni ya kuruka kwa vipimo. Mwalimu mmoja alijitolea kufuatana naye, akamjibu anataka kwenda mwenyewe. Waliruka saa 2:38 usiku, jua limeshazama. Mvua haikuwepo. Kulikuwa na utando tu, ule unaofanya mbali kufifie, na chini yao bahari nyeusi isiyo na taa. Marubani wengine walioruka eneo lile jioni hiyo walisema walishindwa kutofautisha maji na anga. Muda wa saa moja hivi baadaye ndege iliingia baharini kwa kasi kubwa. Wachunguzi hawakukuta ubovu wowote kwenye mashine. Walisema rubani alipoteza mwelekeo, usiku na utando vikichangia. Dada wawili walikufa pamoja naye. Nawafikiria wazazi wao zaidi kuliko ninavyolifikiria jina la Kennedy.

Utasema hayo ni ya Marekani, watu wenye ndege zao kama sisi tulivyo na baiskeli. Kweli, kwetu ndege ndogo nyingi ni za abiria au za kukodi, na marubani wake wana mafunzo zaidi. Lakini mawingu hayaulizi. Juni 5, 2018 ndege ndogo iliyotoka Kitale kwenda Nairobi iligonga milima ya Aberdare iliyokuwa imefunikwa na mawingu, watu 10 wakafa. Aprili 10, 2006 ndege ya jeshi la Kenya iliyowabeba viongozi waliokuwa wanakwenda kwenye mkutano wa amani Marsabit ilianguka kwenye ukungu, wakafa 14. Na Bukoba, Novemba 6, 2022, ndege kubwa kuliko hizi ilianguka ziwani ikijaribu kutua katika hali mbaya ya hewa, tukapoteza ndugu zetu 19. Kila ajali ina maelezo yake na sizichanganyi. Nasema tu kwamba huko mbele kulikuwa na watu wanaosubiri, kila mara.

Na hapa ndipo ninapojiona mimi mwenyewe. Kila nilichosoma kilinirudisha kwenye ule ukumbi wa kusubiria. Ndege inapoharibika tunamlaumu fundi. Ila uamuzi wa kwenda au kutokwenda hufanywa na mtu mmoja aliyesimama dirishani, anatazama mawingu, huku nyuma yake kuna kundi la watu wanaoguna. Siku ile mimi ndiye niliyeguna kwa sauti kubwa kuliko wote. Laiti angekuwa kijana anayeona haya haraka, au mgeni kazini anayeogopa abiria kumshtaki kwa bosi, ningekuwa nimempakia kwenye wingu na wanangu wawili nyuma yake.

Tangu hapo nyumbani kwetu tumebadilisha mambo kadhaa. Shughuli ikiwa Jumamosi, mimi nasafiri Alhamisi. Ni gharama, najua, na wifi yangu analalamika kwamba wageni wanaanza kula mapema. Nikialikwa wakati wa masika siahidi saa. Nasema nitakuja, Mungu akipenda, na watu wa visiwani wala hawashangai, maana wamezoea kungoja bahari itulie tangu enzi za majahazi. Sisi wa mjini ndio tumesahau. Pia simpigii mtu simu ya "mko wapi" akiwa safarini kwenye mvua, iwe ndege, basi au bodaboda. Kaka yangu aliniambia baadaye kwamba alidhani ananisaidia kwa kunipigia. Sikumlaumu. Na mimi nilikuwa namfanyia mume wangu hivyohivyo kila Ijumaa.

Ukikodi ndege na familia, au rafiki mwenye ndege akikupa lifti kwenda mbugani, una haki ya kumuuliza, kwa adabu: unaruhusiwa kuruka kwa vipimo au kwa macho tu? Huko tunakokwenda hali ikoje sasa hivi, si hapa? Na ikifunga tukiwa njiani, tutageukia wapi? Rubani mzuri hachukii maswali haya. Akichukia, umeshajibiwa.

Kuna jambo jingine dogo ambalo nimegundua linasaidia kuliko maswali yote. Mwambie kabla hajauliza: "Sisi hatuna haraka. Tukilala hapa, tutalala." Hata kama una haraka. Utaona mabega yake yanashuka.

Watoto nao waambiwe ukweli. Wangu nimewaeleza kwamba kaka rubani alikuwa sahihi na mama alikosea. Binti alifurahi mno kusikia sehemu ya pili.

Siku nne baada ya ile harusi tulirudi Dar kwa ndege, na rubani akawa yuleyule. Nilimwona kwa mbali pale Kilindoni anakagua gurudumu, nikaanza kupanga maneno ya kuomba radhi. Kabla sijayafikia alikuwa ameshanisalimu.

"Shikamoo, Mama. Harusi ilikuwaje?"

"Marahaba, mwanangu. Niliikuta imekwisha. Nisamehe kwa maneno yangu ya siku ile."

"Yameisha, Mama. Naomba mpite kwenye mizani, nyote na mizigo."

Mnajua ndege hizi hupima na watu. Binti yangu alipanda, kilo ishirini na nne. Mdogo akapanda, anarukaruka mpaka mshale ukashindwa kutulia. Mbele yetu mama mmoja alikuwa amekataa katakata kupanda, ametaja tu uzito wake kwa mdomo, na uzito wenyewe ulikuwa wa msichana wa shule. Zamu yangu ilipofika, watu wote wanatazama, nikavua viatu, nikaweka chini begi la mkononi lililojaa nazi na pweza mkavu. Halafu nikaliokota tena, nikapanda nalo.

Kilo sitawaambia. Yeye aliziandika.